SAHANI ZA KABATINI NA WATU WA NYUMBANI

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za michezo, za safari na za mitihani, nazo ni habari njema. Leo nataka kuleta jambo ambalo pengine wengine wataliona dogo, hata la jikoni tu, lisilostahili wino wa gazeti la shule. Jambo lenyewe ni sahani. Nasema si jambo dogo. Mtu hula mara mbili au tatu kila siku ya maisha yake, na kila alapo hushika chombo. Na chombo kile humwambia, bila neno lo lote, yeye ni nani katika nyumba ile. Kwa hiyo mwenye kununua sahani hachagui rangi na maua tu. Achagua pia namna atakavyowatazama watu wake.

Ingia katika nyumba nyingi za watu wenye nafasi kidogo hapa Kampala, tangu Ntinda hata Rubaga, nawe utaona sebuleni kabati lenye milango ya vioo. Ndani yake zimepangwa sahani za kaure zenye ukingo wa rangi ya dhahabu, vikombe na visahani vyake, buli, na bilauri ndefu za miguu. Vingine vilitolewa zawadi siku ya arusi, vingine vilinunuliwa Kikuubo, na vingine vililetwa na ndugu aliyeko Uingereza. Vyombo hivyo hupanguswa vumbi, kisha hurudishwa mahali pake. Jikoni kuna sahani za plastiki zilizochubuka, za kila rangi, hakuna mbili zilizo sawa, na vikombe vilivyokatika mikono; na hivyo ndivyo wanavyolia baba, mama na watoto, miaka nenda miaka rudi. Ukiuliza sahani nzuri zangoja nini, utaambiwa, "Zangoja wageni." Wageni gani? "Wageni wakubwa."

Maoni yangu ni haya. Nyumba na iwe na sahani za namna moja, nzuri kiasi na imara kiasi, za kuwatosha wote walalao humo na wageni wachache zaidi. Na sahani hizo zitumike kila siku na kwa kila mtu. Siku ya sikukuu na itukuzwe kwa mambo mengine, ambayo nitayataja, wala si kwa kuwapandisha watu wachache na kuwashusha wengine.

Desturi za kale

Labda mtu atasema kwamba kuweka vyombo vya fahari mbali na vya kila siku ni desturi ya watu wastaarabu tangu zamani. Natutazame desturi zenyewe.

Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki walijua kaure ya Uchina kwa karne nyingi. Katika nyumba za mawe za Lamu zilijengwa zidaka, yaani vishubaka vingi ukutani, na humo vyombo vya kaure viliwekwa vionekane. Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, mabakuli ya Kichina yalitiwa hata katika makaburi ya mawe. Basi hapana shaka walivipenda vyombo vizuri. Lakini karamu yenyewe ililiwaje? Msafiri Ibn Battuta wa Morocco alifika Mogadishu mwaka 1331, akaandika jinsi alivyokaribishwa huko: wali uliopikwa kwa samli, ukapakuliwa katika chombo kikubwa cha mti, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Hata leo, siku ya Idi au ya arusi ya Kiislamu, pwani na kwetu hapa pia, watu kadhaa huzunguka sinia moja la pilau. Tajiri atia mkono humo, na mchukuzi atia mkono humo. Chakula cha heshima kuliko vyote hakina sahani ya mkubwa na sahani ya mdogo.

Na hapa Buganda je? Chakula cha karamu kiitwacho luwombo husimuliwa kwamba kilibuniwa mwaka 1887 na Kawuta, mpishi wa Kabaka Mwanga. Jani changa la mgomba hubabuliwa motoni lilegee lisipasuke, kisha nyama au kuku au mchuzi wa karanga hutiwa ndani, jani likafungwa kama mfuko, na vifuko vikapangwa chunguni vipikwe kwa mvuke. Kila mlaji hupewa kifuko chake. Akikifungua, harufu ya jani humfikia kabla ya nyama. Sahani ya luwombo ni jani lenyewe, na likiisha kazi hutupwa kwa mbuzi. Matoke nayo yalipakuliwa juu ya majani yaliyotandikwa mkekani, watu wakaketi wakila kwa mkono. Katika nchi ya Ankole, ugali wa ulezi huwekwa katika endiiro, kikapu kidogo kilichosukwa vizuri chenye kifuniko chake, nao hukaa moto humo hata mgeni atakapokuwa tayari. Maziwa huwekwa katika ekyanzi, chombo cha mti kinachofukizwa moshi wa majani ili maziwa yawe na harufu njema. Vyombo hivi ni vizuri hata vimetunzwa katika jumba la makumbusho pale Kitante. Lakini vilifanywa kwa kazi ya kila siku. Uzuri wake na matumizi yake havikutengana.

Sisemi kwamba wazee wetu hawakuwa na ubaguzi mezani. Walikuwa nao. Katika Buganda ya kale wanawake walikatazwa kula kuku na mayai, ingawa ndio waliowafuga kuku wale na kuwapika kwa ajili ya waume wao. Hivyo jani lilikuwa moja, lakini kilichokuwamo ndani ya jani hakikuwa cha wote. Desturi ile imeachwa, na hakuna mtu mwenye akili anayelia kwa kuachwa kwake. Nataja jambo hili ili tusidanganyane kwamba kila cha kale ni chema. Yafaa tuchukue jani na kikapu, tuache miiko iliyowanyima wengine. Na tukiisha kuacha miiko ile, tusiirudishe tena kwa mlango wa nyuma, tukiipa jina la "sahani za wageni".

Kikombe cha mtumishi

Sasa nafika penye kiini cha maneno yangu. Watu wengi wa mji huu wana msichana au mvulana wa kuwasaidia kazi za nyumbani. Yeye ndiye achotaye maji, apikaye, aoshaye vyombo, na abebaye mtoto. Nilipata kuwa mgeni katika nyumba moja ya hapa mjini, nikaletewa chai katika kikombe kizuri sana juu ya kisahani chake. Msichana aliyeileta alikunywa chai yake nyuma ya nyumba katika kopo lililokuwa la siagi, na kopo lile liliwekwa peke yake dirishani, mbali na vikombe vingine. Nilipouliza kwa upole, niliambiwa kwamba ndiyo desturi, na kwamba yeye mwenyewe hakuona kitu.

Mimi sikubali kwamba hakuona kitu. Mikono ile ile iliyokanda unga tuliokula, iliyoosha kikombe nilichonywea, imekuwaje michafu mno kushika kikombe hicho kwa chai yake mwenyewe? Kama ni uchafu, basi ungetupata sote tangu asubuhi. Jambo lenyewe si uchafu. Ni kumkumbusha mtu, mara tatu kwa siku, kwamba hahesabiwi. Wala kukumbusha huko hakuna gharama yo yote, na ndiyo maana ni rahisi kukufanya bila kufikiri.

Na mtoto wa nyumba ile ajifunza nini? Atasomeshwa dini na uraia shuleni, ataimba wimbo wa taifa, ataandika insha juu ya haki za binadamu akapata alama nzuri. Lakini somo alilolipata kwanza, kabla ya kujua kusoma, ni lile la kopo la dirishani.

Pengine mtu atasema kwamba vyombo hutengwa kwa sababu ya magonjwa. Jambo hili latakiwa kujibiwa kwa makini, kwa kuwa nchi yetu ina historia yake. UKIMWI ulipoenea Uganda katika miaka ya 1980, wagonjwa wengi walitengewa sahani na kikombe na jamaa zao wenyewe. Wengine walikufa wakiwa hawajala tena katika chombo kimoja na watoto wao. Mwaka 1987 Bibi Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha chama cha TASO kuwasaidia wagonjwa na jamaa zao, na moja katika mambo yaliyofundishwa kwa bidii katika nchi hii ni kwamba ugonjwa ule hauambukizwi kwa kula pamoja wala kwa kutumia kikombe kimoja. Kifua kikuu nacho huenea kwa hewa mgonjwa akohoapo, wala hakienei kwa sahani. Basi wale waliotenga sahani hawakujikinga na lo lote. Walimwongezea mgonjwa huzuni tu.

Liko jambo moja ambalo ni kweli. Yako magonjwa ambayo vyombo vya mgonjwa lazima vitengwe. Ebola ilipoingia nchini mwaka 2022, na tena hapa Kampala mwanzoni mwa 2025, ilikuwa haki kutenga kila kitu kilichoguswa na mgonjwa, kwa amri ya waganga. Lakini amri ya namna hiyo hutolewa na mganga, kwa mgonjwa anayejulikana, kwa siku zinazojulikana. Haitolewi na mwenye nyumba kwa mtu mzima wa afya kwa miaka yote atakayokaa naye.

Na adui aliye hatari zaidi mezani kwetu ni maji. Mapema mwaka 2015 homa ya matumbo ilienea Kampala, ikawapata watu maelfu, na uchunguzi ulionyesha maji machafu na vinywaji vilivyotengenezwa kwa maji hayo. Sahani ya kaure iliyosuzwa kwa maji ya mfereji mchafu ni mbaya kuliko sahani ya bati iliyooshwa kwa maji safi na sabuni. Osha kwa maji ya moto, suza kwa maji safi, kisha uviweke vyombo vikauke juu ya kichanja kwenye jua. Usivifute kwa kitambaa kilichofuta meza na mikono ya watoto. Kichanja cha miti minne, ambacho mabwana afya wamekihimiza vijijini kwa miaka mingi, hufanya kazi njema kuliko kabati la vioo.

Jinsi ya kuchagua

Msomaji ataniuliza, "Basi ninunue nini?" Nitajibu kadiri nijuavyo.

Kwanza, hesabu watu. Andika majina ya wote wanaokula nyumbani, pamoja na mtumishi na mpwa aliyekuja kusoma. Ongeza wageni wanne au sita. Hiyo ndiyo hesabu ya sahani zako, za mabakuli na za vikombe pia. Ukianza na hesabu ya watu hutakosea. Ukianza na sanduku lililochapwa "watu 6" juu yake, utamwacha mtu wa saba na kopo.

Pili, nunua vitu vinavyouzwa kimoja kimoja, vya rangi nyeupe au rangi moja isiyo na maua. Sahani nyeupe ikivunjika mwaka huu, mwakani utapata nyingine ya kufanana nayo. Lakini sahani yenye waridi na ukingo wa dhahabu ikivunjika, waridi lile hutaliona tena, na seti yako itabaki na pengo. Hivyo ndivyo vyombo vya kila rangi vinavyoanza.

Tatu, ujue sahani imefanywa kwa kitu gani.

Sahani za bati zilizopakwa rangi ngumu kama kioo, zile nyeupe zenye ukingo wa buluu, zimetumika Afrika ya Mashariki tangu zamani za mababu. Hazivunjiki, huvumilia chakula cha moto, huoshwa kwa urahisi. Aibu yake ni kwamba zikianguka hubanduka rangi, na palipobanduka hushika kutu. Sahani iliyobanduka ndani, mahali pa chakula, na istaafu.

Sahani za chuma cheupe kisichoshika kutu, ambazo ndugu zetu wenye asili ya Kihindi huzitumia sana, ni imara kuliko zote. Hulii ikianguka. Huchoma vidole ukipakuliwa uji wa moto, basi tumia bakuli lenye ukingo.

Sahani za kaure ni safi na nzuri, hazishiki harufu wala mafuta, lakini huvunjika. Ukinunua, igonge kidogo kwa ukucha: ikilia kama kengele ni nzima, ikitoa sauti butu, ina ufa usioonekana. Yenye ufa usiichukue, maana uchafu hukaa ufani. Sahani za kioo kigumu, kile kilichopozwa ghafla kiwandani, hustahimili kuliko kaure nyingi, nazo zafaa sana nyumba yenye watoto wakubwa.

Sahani zile nyepesi, ngumu, zenye maua, ambazo wachuuzi huziita melamini, zataka tahadhari. Kwa ndizi mbivu, mkate na vyakula vya vuguvugu hazina neno. Lakini wataalamu huonya kwamba chakula chenye moto wa kupita nyuzi 70, hasa kikiwa kichachu, huweza kutoa dawa zilizotumiwa kufanyia sahani hiyo zikaingia katika chakula. Kwa hiyo usizipashe moto katika jiko la maikrowevu, wala usipakue humo mchuzi unaotokota. Zikichakaa na kukwaruzika, ziache.

Kuhusu plastiki laini, sina mengi. Yafaa kwa ndoo na beseni. Na jambo moja baya zaidi ni kuifunikia chakula motoni. Watu wa kale walifunika matoke kwa majani ya mgomba. Leo wako wapishi wanaofunika kwa mifuko ya kaveera, ati majani ni ghali mjini. Sheria ya 2009 ilikataza mifuko ile myembamba, lakini bado yaonekana katika vyungu vya mtaani. Mtu aliyepakua chakula cha namna hiyo katika kaure ya dhahabu hakumheshimu mgeni wake hata kidogo. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Siku za sikukuu

Naam, mtajibu, lakini siku ya sikukuu si sawa na Jumanne. Nakubali kabisa. Moyo wa binadamu hutaka siku nyingine ziwe kubwa. Lakini siku ikuzwe kwa kitu ambacho wote waliopo watakipata.

Tandika kitambaa safi mezani, au mkeka mpya chini. Pika luwombo, na kila mtu apate kifuko chake, sawa kwa ukubwa. Weka ugali wa ulezi katika kikapu chenye kifuniko. Mtoto azunguke na birika na beseni, awanawishe watu wote, akianza na wazee. Weka maua katika bilauri. Kama una bakuli moja kubwa la kaure la urithi, litie mboga au wali, uliweke katikati, ili uzuri wake uonwe na wote na chakula chake kiliwe na wote. Hapo chombo cha fahari kimepata kazi yake. Kabla ya chakula, mpe mgeni buni za kutafuna katika kikapu kidogo, kama ilivyo desturi ya Waganda. Kikapu kile hakina bei kubwa, lakini mgeni akikipokea ajua amepokewa.

Katika sherehe za kwanjula na arusi za siku hizi, watu hukodi vyombo, na hilo ni jambo la busara: kwa nini ununue sahani 300 kwa siku moja? Lakini mara nyingi waheshimiwa wa meza kuu huletewa kaure na vitambaa, na watu wa hema la nyuma hupewa sahani za kutupa zinazokunjika kwa uzito wa matoke, mchuzi ukamwagika katika nguo zao za sikukuu. Katika hema lile la nyuma ndimo waketipo mabibi waliokesha wakimenya ndizi. Mwenye sherehe akikosa fedha za kukodi sahani njema kwa wote, heri atandike majani ya mgomba kwa wote, meza kuu na hema la nyuma. Hakuna mgeni aliyepata kuaibika kwa kula juu ya jani.

Wanaopinga

Nimesikia hoja tatu, nami nitazijibu kwa ufupi.

Ya kwanza ni kwamba akiba haiozi. Methali hiyo ni ya kweli kwa mahindi ya ghalani na fedha za benki, kwa kuwa siku moja zitatumika. Sahani ambayo haikutumika kwa miaka 20 si akiba. Ni fedha iliyolala, tena iliyolala wakati watoto wanalia sahani zilizochubuka. Na wenyewe wakifariki, warithi huigawa au huiuza, wasiikumbuke hata siku moja waliyokula ndani yake pamoja na mama yao.

Ya pili ni kwamba watoto huvunja. Ni kweli, huvunja. Ndiyo maana nimesema uchague bati, chuma au kioo kigumu. Lakini mtoto asiyepewa chombo cha kuvunjika hajifunzi kushika chombo. Mpe kikombe kizuri, umwonyeshe namna ya kukibeba, naye atakibeba kwa mikono miwili. Kikivunjika kimoja au viwili, hiyo ndiyo ada ya somo.

Ya tatu ndiyo nzito: kwamba mgeni lazima aheshimiwe kuliko wenyeji. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake ni kwamba mgeni akija, wenyeji nao hupata nafuu: kuku huchinjwa, na watoto hula. Mgeni ajaye akakuta mwenyeji ametolewa mezani ili yeye apate sahani, hakumponya mtu. Heshima ya mgeni ni kipande kizuri cha nyama, kiti cha kivulini, na maneno mazuri. Mgeni mwungwana hataona aibu kula katika sahani ileile alimo mwenyeji wake. Na asiye mwungwana, hata umpe dhahabu, ataondoka akinung'unika.

Sikatazi mtu kutunza kikombe cha bibi yake marehemu, kwa kuwa hicho ni ukumbusho. Neno langu ni juu ya seti nzima zinazofungiwa, na juu ya wale wanaonyimwa.

Na hapa shuleni

Nisingetenda haki nikiwasema wazazi tu nikatuacha sisi wanafunzi. Katika shule nyingi za bweni za nchi hii, sahani, kikombe na kijiko ni miongoni mwa vitu ambavyo kila mwanafunzi huagizwa aje navyo. Matokeo yake twayajua sote. Wengine waja na vyombo vya chuma vyenye vifuniko, vinavyotunza moto. Wengine waja na sahani ya plastiki iliyopasuka ukingo, au walia katika kifuniko cha ndoo. Ugali na maharagwe ni yaleyale, mwiko ni uleule, lakini katika foleni kila mtu ajua baba wa nani ana nini. Kisha sahani huibwa, na aliyeibiwa hungoja rafiki yake amalize kula ndipo aiazime, isiyooshwa.

Twavaa sare kwa sababu gani? Tumeambiwa ni ili mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini wafanane darasani. Sababu hiyo yafaa vilevile katika chumba cha kulia. Napendekeza kwamba katika orodha ya vitu vya kuja navyo, sahani na kikombe vifutwe, na badala yake kila mzazi atoe fedha kidogo, sawasawa na mwenziwe, shule inunue kwa jumla sahani za chuma za namna moja pamoja na vikombe vyake. Vihesabiwe kila mlo, kama vitabu vya maktaba vinavyohesabiwa. Kila mwanafunzi aoshe alichokula, na kila bweni lijengewe kichanja chake. Siku ya wazazi kuja, nao wapakuliwe katika sahani hizohizo, walimu pia, na mgeni wa heshima pia. Hapo ndipo tutakapojua kama sahani zetu zafaa. Maana kama hazifai kwa mgeni wa heshima, zilikuwaje zikafaa kwa watoto 40 wa darasa zima?

Mtu atasema kwamba vitapotea. Vichache vitapotea. Lakini leo vinapotea vyetu, na kila mmoja apotelewa peke yake na kulia peke yake. Vikiwa vya wote, wote watavilinda.

Likizo yakaribia. Mwanafunzi mwenzangu, ukifika nyumbani, usianze kugombana na mama kwa sababu umesoma gazeti. Omba ruhusa tu siku moja ya Jumapili uandae meza wewe mwenyewe. Hesabu watu wote wa nyumbani, pamoja na yule wa jikoni. Kisha utoe sahani nzuri kwa hesabu hiyo, uzioshe, upakue, na baada ya chakula uzioshe tena kwa mikono yako, ili asitokee wa kusema kwamba umemwongezea mwingine kazi. Ikiwa hakuna kilichovunjika, omba na Jumapili ya pili.

Asiyekubaliana nami na aandike katika toleo lijalo. Kalamu ziko, na karatasi ziko, na mimi nitafurahi kumsoma.